Tuwaache Watoto wa Mwananyamala Waseme

Ukiwauliza wazee asili ya jina la Mwananyamala, wengi watakurudisha kwenye Kizaramo: mwana nyamala, yaani mtoto, nyamaza. Kwa masimulizi yao hapa palikuwa na hatari, na mama aliyepita na mwanawe alimtuliza ili wavuke salama. Nalipenda jina hili. Ndani yake namsikia mama anayemlinda mtoto.

Siku hizi, kutoka Kwa Kopa mpaka Kisiwani, nyumba zimeegemeana na hakuna cha kutukimbiza, lakini lile neno bado tunalo mdomoni. Mtoto anauliza kwa nini mwezi unatufuata, anaambiwa nyamaza. Anataka kusimulia alichokiona njiani, anaambiwa wakubwa wanaongea. Si kwamba hatuwapendi. Baba ameshinda juani na bodaboda, mama ameamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi, na ikifika saa mbili usiku kila mtu anatafuta utulivu. Njia ya mkato ya kuupata ni kumpa mtoto simu. Nami nawaombeni, majirani zangu na wazazi wenzangu, jambo moja tu: tuzungumze na watoto wetu. Tuanze kabla ya sare na daftari, kabla hata hawajajua kutujibu.

Nieleze nilipoanzia. Mtoto wa jirani, wa darasa la pili, aliniletea kitabu chake anisomee. Alisoma kwa bidii, kidole kikifuata silabi: ki-si-ma. Hakukosea hata moja. Nikamuuliza, kisima ni nini? Akanitazama, akafikiri, akajaribu: "Ni mnyama?" Mtoto huyu anajua bomba, dumu na simtanki, na siku maji yakikatika anajua nyumba gani ya kukimbilia na ndoo. Kisima hakuwahi kukisikia kinywani mwa mtu. Na hadithi yote ilikuwa juu ya kisima.

Kiswahili ni lugha yenye ukarimu kwa msomaji mchanga. Irabu ni tano, na neno hutamkwa kama lilivyoandikwa. Akishazishika ba, be, bi, bo, bu, mtoto anaweza kutamka hata maneno asiyoyajua, na hapo ndipo tunapodanganyika. Tunasikia sauti, tunadhani amesoma. Kumbe kusoma ni kukutana kwenye karatasi na neno ambalo sikio lililifahamu zamani. Mwaka 2010 watafiti wa Uwezo, mpango wa kupima kiwango cha kusoma na kuhesabu cha watoto, walipita nyumba kwa nyumba nchini na kuwapa watoto hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kwa wanafunzi wa darasa la tatu, takribani 3 tu kati ya 10 waliweza kuisoma. Tangu hapo yamefanyika mengi: sera ya elimu ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili ukaja 2015, na ada ikaondolewa. Lakini mtoto anapoingia darasa la awali amekwisha kukusanya maneno kwa miaka minne, mitano. Mkusanyo huo hakuufanya mwalimu. Tumeufanya sisi, au hatukuufanya.

Tazama jinsi mtoto anavyozishika ngeli. Hakuna anayemkalisha kumfundisha kwamba kikombe kimeanguka na vikombe vimeanguka. Anaokota kwa sikio. Leo atasema "viti imevunjika". Ukimjibu, "Eti viti vimevunjika? Vimevunjwa na nani?" amepata somo, hakuaibishwa, na tena ana swali la kujibu. Televisheni haiwezi kumfanyia hivyo. Kuna vipindi vizuri, kama Ubongo Kids kilichozaliwa hapa hapa Dar es Salaam na kuanza kurushwa 2014, na sisemi tuvizime. Nasema tukae naye, kipindi kikiisha tumuulize nani alifanya nini, naye atusimulie.

Mama akiulizwa uzito wa mwanawe atakutajia, maana kliniki hakosi na kadi ameitunza vizuri. Ningependa siku moja, kwenye benchi la kliniki, tuulizane pia: wiki hii wako ameleta neno gani jipya?

Utajiri wa maneno tunao uani. Nyumba zetu za kupanga zina vyumba sita, pengine vinane, na kila chumba kina mtu aliyetoka kwao na hadithi yake: bibi wa Kizaramo anayeikumbuka mikorosho, Mmakonde fundi seremala, dada wa Kisukuma anayeuza mboga gengeni, kijana kutoka Pemba mwenye kumbukumbu za bahari. Mtoto aliyekulia katika nyumba kama hiyo hakai na mzazi mmoja, anakaa na kijiji. Huyo asiyejua kisima anapita kila siku mbele ya watu wanne waliochota maji kisimani utoto wao wote. Inatosha mmoja wao amwite, "Njoo nikwambie." Umeme ukikatika tusilalamike wote kwa pamoja, mmoja aseme "Paukwa!" na watoto waitikie "Pakawa!" Mwingine aseme "Kitendawili!", wapate "Tega!" Anayeitafuta nyumba isiyo na mlango mpaka aligundue yai amejifunza kulitazama neno kwa upande wake wa pili. Na mwenye lugha ya kwao asiizuie mdomoni. Kisukuma cha shangazi hakikipunguzi Kiswahili cha mtoto.

Hapa niseme wazi juu ya Kiingereza, maana najua tunapobanwa. Wapo wazazi wanaolipa ada nzito kwa chekechea ya Kiingereza, kisha nyumbani wanamkataza mtoto Kiswahili ili asichanganyikiwe. Nia yao ni njema. Lakini mtoto anayekatazwa lugha ambayo mama yake anaiweza kwa raha, akabakiwa na maneno mia ya lugha ambayo hakuna anayeiongea uani, amenyimwa pande zote mbili. Kiingereza ajifunze, tena vizuri, na Kiswahili kipana kitamsaidia kukibeba.

Wala tusiseme hatuna vifaa. Katikati ya miaka ya 1980 huko Mombasa, mwalimu Swafiya Said alisaidia kuanzisha shule za awali ndani ya madrasa, kwa kuungwa mkono na Aga Khan Foundation. Kazi ile ilivuka hadi Zanzibar mwaka 1990, kisha ikafika Uganda. Masomo yalifanywa kwa vitu vya mazingira: vifuu, makombe ya pwani, mbegu, vifuniko vya chupa. Sisi tuna kanga. Sijui nyumba ya Mwananyamala isiyo na kanga kwenye kamba, na kila kanga ina maandishi makubwa mtoto anayoweza kuyafuata kwa kidole. Kuna mfuko wa unga, ubavu wa daladala, ubao wa bei kwa mama ntilie. Mtoto wa miaka minne akiulizwa, "M ya jina lako iko wapi hapa?" barabara yote inakuwa kitabu.

Vitabu vyenyewe navyo vinahitajika. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza nchini mwaka 1991 kwa sababu watoto hawakuwa na cha kusoma kwa Kiswahili, na leo waandishi na wachapishaji wetu wana hadithi nyingi nzuri zenye picha. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ipo safari moja ya daladala kutoka kwetu. Lakini mtoto wa miaka mitatu hapandi daladala peke yake. Kwa hiyo namwomba kila mwenyekiti wa serikali ya mtaa atenge pembe moja ya ofisi yake, sanduku moja na mkeka mmoja, Jumamosi jioni. Mwenye kitabu ambacho mwanawe amekipita akilete. Kijana wa sekondari anayesubiri matokeo aje asome kwa sauti. Na nawaomba akina baba, ninyi hasa: mtoto anayemwona baba yake ameshika kitabu hachelewi kukitaka.

Tumewahi kufanya kubwa kuliko hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wakafundishana chini ya miembe, mjukuu akimshikia bibi kalamu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kama milioni mbili kuzunguka redio, wasikilize kisha wajadiliane. Wale mabibi na mababu wengine bado wapo mitaani kwetu. Waliofundishwa kusoma ukubwani wanajua uchungu wa kuchelewa. Tuwaombe wawe wa kwanza kukaa kwenye mkeka.

Mimi nimeanza na kibaraza changu. Kila Jumamosi baada ya alasiri, rede na kombolela vikishawachosha, wanakuja saba, siku nyingine kumi na mbili, mdogo kabisa akiwa amebebwa na dada yake. Kwanza kila mmoja anasema jambo moja aliloliona wiki hiyo, na hakatizwi mpaka amalize. Wengine huchukua muda mrefu sana. Wiki iliyopita yule wa kisima alikuja na habari mpya: bibi wa chumba cha nne amemweleza kwamba kisimani kwao ukipiga kelele, sauti inarudi. Anataka kujua kama mwangwi huo unajua Kiswahili. Hatujamjibu bado, waliobaki kila mmoja ana maoni yake.