Kesi za bima ya afya: mgonjwa hana chama

Ndugu msomaji, ukitaka kujua mwenzako anaunga mkono upande gani wa siasa hapa nchini, huna haja ya kumwuliza alivyopiga kura. Mwulize maoni yake kuhusu bima ya afya. Akiwa ni mtu wa serikali, atakwambia wanaokimbilia mahakamani ni maadui wa maendeleo, watu waliozoea kula pesa za bima ya zamani. Akiwa ni mtu wa upinzani, atakwambia bima hiyo ni ushuru mwingine uliopewa jina la dawa. Wote wawili watazungumza kwa hasira, na ni nadra umpate hata mmoja aliyeisoma sheria yenyewe.

Leo naomba tuweke vyama kando na tujiulize jambo moja tu. Ni kitu gani hasa kilichoifikisha sheria hii mbele ya majaji, na kina uzito gani kwako wewe unayekatwa mshahara kila mwisho wa mwezi?

Ugomvi wa aina hii si mgeni. NHIF ilianzishwa mwaka wa 1966. Mwaka wa 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa kila Mkenya, uliosukumwa na aliyekuwa Waziri wa Afya, Bi Charity Ngilu. Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia sahihi, ingawa waziri huyo alikuwa wa serikali yake mwenyewe. Mwaka wa 2010 NHIF ilipotaka kupandisha ada, muungano wa wafanyakazi, COTU, ulikwenda kortini, na ada mpya hazikuanza kukatwa hadi Aprili 2015.

Kisha ikaja zamu ya sheria ya sasa. Oktoba 19, 2023 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii pamoja na sheria nyingine tatu za afya. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikaruhusu kazi iendelee, isipokuwa vifungu vichache. Julai 12, 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba sheria tatu kati ya hizo zilikiuka Katiba kwa kuwa umma haukushirikishwa vya kutosha, wakalipa Bunge siku 120 kurekebisha makosa. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo, na Oktoba 1, 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi ya NHIF.

Hebu fikiria mtu anayesafishwa figo mara mbili kwa wiki akisikiliza habari hizo redioni. Leo sheria ipo, kesho haipo, kesho kutwa imerudi. Mwili wake hauwezi kungoja siku 120. Na mfumo mpya ulipoanza, wagonjwa wengi wa figo na saratani walifika hospitalini wakaambiwa walipe taslimu, kwa sababu mitambo na mikataba haikuwa tayari. Wanasiasa walikuwa wangali wakirushiana maneno.

Kwa sababu hiyo wapo wanaosema mahakama zisingejiingiza kabisa katika mambo ya afya. Sikubaliani nao. Lakini kabla ya kueleza sababu, ni haki tuitazame sheria yenyewe bila miwani ya chama.

Upinzani haupendi kutaja hesabu hii. Chini ya NHIF, aliyelipwa Sh20,000 kwa mwezi alikatwa Sh750. Chini ya sheria mpya anakatwa asilimia 2.75, yaani Sh550. Aliyelipwa Sh100,000 alikatwa Sh1,700, na sasa anakatwa Sh2,750. Mwenye mshahara wa Sh500,000, ambaye zamani alilipa hiyo hiyo Sh1,700, sasa analipa Sh13,750. Mwenye nacho anambeba asiye nacho, na hiyo ndiyo maana ya bima ya jamii. Anayesema sheria nzima iliundwa kumkandamiza maskini hajapiga hesabu.

Serikali nayo ina hesabu isiyopenda kuitaja. Wakenya walio wengi hawana mshahara wa kukatwa. Ni mama mboga, fundi wa juakali, mwendeshaji bodaboda na kibarua wa mjengo. Chini ya NHIF mtu kama huyo alilipa Sh500 kila mwezi, akijua kiasi na akijua siku. Utaratibu mpya ulimtaka ajibu maswali kuhusu nyumba na mali yake ili akadiriwe kiasi cha kulipa, kisha alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Mtu anayeuza sukuma leo ili ale leo, atatoa wapi pesa za miezi 12 kwa siku moja?

Sasa jiulize: kama wanaotunga sheria wangekwenda Gikomba, Kongowea au Kibuye wakaketi na wafanyabiashara, wangeambiwa nini? Wangeambiwa jambo hilo kabla ya chai kupoa. Mwanamke yeyote mwenye kibanda angewaeleza kwamba anaweza kutoa shilingi ishirini kila jioni bila kulalamika, lakini hawezi kutoa maelfu Januari wakati karo inamkaba koo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyo mama hakuwepo, na lake halikuwepo.

Ndiyo maana nasema hoja ya kushirikisha umma si hila ya mawakili. Ni sehemu ya matibabu yenyewe. Daktari asiyemwuliza mgonjwa anaumwa wapi ataandika dawa isiyofaa, hata akiwa na nia njema na shahada kumi. Bima ya hiari haipo hapa; sheria inamtaka kila mtu achangie. Lakini mtu asiye na mshahara huwezi kumkata kwa nguvu. Atalipa akielewa na akikubali. Asiposhauriwa hatalipa, na asipolipa mzigo wote unawaangukia wenye mishahara.

Kuna jambo la pili lililowafikia majaji ambalo halikupigiwa kelele majukwaani. Sheria iliweka vifungu vya kumtaka mwananchi aonyeshe kwamba amejisajili na kulipa kabla ya kupata huduma za serikali, na matibabu ya bima yategemee malipo yaliyokamilika. Hivyo ni baadhi ya vifungu ambavyo Mahakama ya Rufaa iliviacha vikiwa vimesimamishwa Januari 2024. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu iwezekanavyo, na inasema wazi kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haikuuliza kama amelipa. Kama hakuna mtu aliyekwenda kortini, nani angelitetea jambo hilo? Mwanachama wa chama tawala naye hupata ajali barabarani, na mbunge wa upinzani ana mama mzee kijijini.

Kwa hivyo kosa halikuwa kwenda mahakamani. Kosa ni kuigeuza mahakama kuwa uwanja wa mpira, kila upande ukishangilia hukumu kama bao. Uamuzi wa Julai 2024 ulikuwa umeonyesha njia ya katikati. Haukusema Wakenya wasiwe na bima. Ulisema rudini mkawaulize wenyewe. Serikali ingeweza kuitumia nafasi hiyo kusikiliza na kurekebisha, ikachagua rufaa. Upinzani nao ungeweza kuleta mapendekezo ya mchango wa wasio na mshahara. Wengi wao wakatosheka na kusema sheria imeanguka.

Wewe msomaji una la kufanya. Kwanza, jisajili pamoja na wanaokutegemea, hata kama humpendi aliyetia sahihi sheria hii. Ugonjwa haungoji uchaguzi. Pili, tazama hati yako ya mshahara, na uhakikishe kwamba mwajiri anayekukata anaziwasilisha pesa hizo. Tatu, Bunge linapotangaza kwamba linapokea maoni juu ya sheria au kanuni za afya, usigeuze ukurasa. Andika barua, au mtume mwakilishi wa chama chenu cha akiba. Ushahidi wa mfanyabiashara mmoja wa sokoni kuhusu namna anavyoweza kulipa una manufaa kuliko hotuba kumi za mazishini.

Na mwanasiasa akija kukuomba umshangilie kwa sababu ya bima ya afya, awe wa upande huu au ule, mwulize swali moja: mgonjwa asiye na shilingi mfukoni akifika hospitalini usiku wa leo, atapokelewa au atarudishwa?

Asipokuwa na jibu, usimpigie makofi.