Nani Amesema Kamalondo Haina Historia?

Tumechoka na wasomi wa Lubumbashi wanaotembeza wageni. Wanawapeleka Kanisa Kuu na nyumba za zamani za Wazungu, wakifika Kamalondo wanasema: «Hapa hakuna kitu.» Huo ni uwongo.

Élisabethville ulipoanzishwa mwaka 1910, nani alibeba matofali? Watu weusi. Kisha wakatengwa kando, eneo tupu likaachwa katikati, kwa kuwa Wazungu waliogopa magonjwa yao. Mtaa wao ukaitwa Albert. Leo ndio Kamalondo. Mtu akisifu njia zake zilizonyoka, akumbuke kwamba usiku mtu mweusi hakuingia mji wa Wazungu pasipo karatasi.

Desemba 1957 watu wa hapa walipiga kura mara ya kwanza kuchagua washauri wa komuni yao. Hiyo si historia? Na timu ya mpira waliyoianzisha mapadri Wabenediktini mwaka 1939, Mazembe ya leo, uwanja wake uliofunguliwa mwaka 2011 uko wapi? (Siku ya mechi wasomi wetu wanaijua njia vizuri!)

Wakati huo nyumba za wazee zinabomolewa, maduka na baa zinasimama mahali pake. Hatukatazi mtu kujenga. Watoto wanahitaji kula. Tunakataa kubomoa pasipo kuuliza. Ninyi wakatekista wenzetu, nendeni kwa wazee, muulize nani aliikaa nyumba ile na alifanya kazi gani, mkaandike katika daftari la parokia kabla nyundo haijaanza.