Unyevu Kwanza, Ubaridi Baadaye

Mwezi Machi, ofisi nyingi za ghorofa jijini Dar es Salaam huwa na watu waliovaa sweta. Nje ni nyuzi joto 32 na fukuto zito. Ndani kiyoyozi kimeshushwa hadi 18, makarani wamejikunyata, na bado ukigusa karatasi iliyolala mezani unaikuta laini, imeshakunywa maji. Tumeizoea hali hii kiasi kwamba hatuioni kuwa ni ushahidi. Ni ushahidi, tena mzito. Jengo linalokula umeme mwingi namna hiyo, likawatetemesha watu na bado likashindwa kukausha karatasi, halina upungufu wa ubaridi. Toleo hili limetengwa kwa ajili ya upozaji wa majengo makubwa, na hoja ninayolifungulia ni moja: katika mwambao wetu sehemu kubwa ya kazi ya kiyoyozi ni kuondoa maji hewani, na kazi hiyo tumeikabidhi kwa chombo kisichoifaa. Ipo njia ya kuifanya kwa maji ya chumvi, inayojulikana kwa miongo mingi, na nadhani wakati umefika wa kuidai katika majengo yanayojengwa kwa fedha za umma.

Hesabu ndiyo inayobeba hoja hii, kwa hiyo tuanze nayo. Chukua hewa ya nje yenye nyuzi joto 31 na unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida kabisa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja nyakati za joto. Kila kilo ya hewa hiyo imebeba takriban gramu 21 za mvuke. Ndani ya jengo tunataka nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 50, ambao ni gramu 10 hivi. Kuishusha kilo hiyo ya hewa kutoka nyuzi 31 hadi 25 ni kuondoa kilojuli 6 za joto. Kuugeuza mvuke uliozidi kuwa maji ni kuondoa kilojuli 28. Kukausha, basi, ni kazi zaidi ya mara nne ya kupoza. Sasa ipeleke hesabu hiyo kwenye ukumbi wa mihadhara wenye watu 500, kila mmoja akipewa lita nane za hewa safi kwa sekunde: kila saa, hewa hiyo inaingia na maji ya ziada yanayozidi lita 180, yaani ndoo tisa za lita 20, na hapo jasho na pumzi za wasikilizaji hazijahesabiwa. Ni kweli kwamba jua linalopiga vioo, taa na kompyuta huongeza joto lisilo na unyevu, kwa hiyo uwiano wa mara nne haubaki hivyo kwa jengo zima. Lakini kadiri jengo linavyojaza watu na kuhitaji hewa safi (hospitali, ukumbi, uwanja wa ndege, chuo) ndivyo ndoo hizo zinavyotawala bili ya umeme.

Tunazitoaje ndoo hizo leo? Kwa kuigandamiza hewa kwenye koili baridi mpaka mvuke utoke jasho. Hewa ya nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa umande ikishuka hadi nyuzi 14 hivi, kwa hiyo ili kuifikisha kwenye ukavu huo ni lazima kwanza ipozwe kupita kiasi ambacho mwanadamu anakihitaji. Ndiyo maana mtambo wa kupoza maji, ambao mafundi wanauita chila, hutengeneza maji ya nyuzi 7. Hewa ikishatoka kwenye koili ni baridi mno kwa mtu aliyekaa. Katika vyumba vya upasuaji na maabara hupashwa moto upya, mara nyingi kwa hita za umeme: tunalipa kuipoza, kisha tunalipa kuipasha. Katika ofisi hakuna hita, na sweta ndizo zinazofanya kazi hiyo. Historia yenyewe inafundisha. Mwaka 1902, Willis Carrier alipobuni mtambo unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kiyoyozi cha kisasa, mteja wake hakuwa analalamika joto. Alikuwa mpiga chapa wa Brooklyn, kampuni ya Sackett-Wilhelms, ambaye karatasi zake zilivimba na kusinyaa kwa unyevu hata rangi zikashindwa kukaa juu ya zenzake. Kiyoyozi kilizaliwa kikiwa kikaushi. Carrier alichagua koili baridi kwa sababu zilimfaa pale alipokuwa, nasi tumeupokea uchaguzi wake kana kwamba hakuna mwingine.

Mwingine upo, na msingi wake uko kwenye kila jiko la pwani, ambako chumvi hulowa ndani ya kopo na watu hutia punje za mchele ili zifyonze maji. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapofika asilimia 75 hivi, ndiyo maana Dodoma hubaki kavu na Tanga huganda. Zipo chumvi zenye kiu zaidi. Kloridi ya kalisi huvuta hata unyevu ukiwa asilimia 30. Kloridi ya lithiamu huendelea kuvuta mpaka asilimia 11. Yeyusha chumvi ya namna hiyo kwa maji kidogo, nawe una kikaushi kimiminika. Kinachuruzishwa taratibu juu ya sahani nyembamba, hewa ya nje inapita katikati yake, na mvuke unaingia kwenye chumvi bila hewa kuhitaji kufika nyuzi 14. Jambo moja lazima lisemwe wazi, kwa kuwa wauzaji wengine hulipita: mvuke ukiingia kwenye chumvi huachia joto lake lote humo, na joto hilo lazima litolewe. Tofauti ni kwamba hapa linatolewa kwenye nyuzi 30 hivi, kwa maji yaliyotoka mnara wa kupozea juu ya paa, pasipo kompresa. Kisha maji ya chumvi, ambayo sasa yamezimuliwa, hupelekwa chumba cha pili, hupashwa hadi kati ya nyuzi 60 na 80, hutema unyevu wake kwenye hewa inayotupwa nje, na kurudi kazini. Chumvi yenyewe haiishi.

Faida ya kwanza haimo kwenye chumvi bali kwenye kutenganisha kazi mbili. Chila ikiondolewa mzigo wa kukausha, haina tena sababu ya kutengeneza maji ya nyuzi 7. Ya nyuzi 16 au 17 yanatosha kupoza chumba. Wahandisi wana kipimo cha kawaida: kila nyuzi moja unayopandisha maji ya chila huokoa asilimia 2 hadi 3 ya umeme wake. Panda nyuzi tisa au kumi na umeokoa karibu moja ya tano au zaidi, kabla ya kuhesabu hita zilizozimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, wamekuwa wakiitetea njia hii kwa muda mrefu, na Jengo la 3 la abiria la uwanja wa ndege wa Xi'an limejengwa hivyo: maji yasiyo baridi sana hupita chini ya sakafu kushughulikia joto, na hewa safi hukaushwa pembeni kwa kikaushi kimiminika. Kwa upande wa Marekani, maabara ya taifa ya nishati jadidifu, NREL, iliposhirikisha kikaushi na upozaji wa kuvukiza maji ilikadiria kupunguza nishati kwa asilimia 50 hadi 90. Sijengi hoja juu ya namba hizo. Ni makadirio, tena ya mtambo uliobuniwa na maabara yenyewe. Nyuzi tisa za chila zinanitosha.

Faida ya pili nadhani ndiyo kubwa kwetu, na ndiyo inayozungumzwa kidogo. Maji makali ya chumvi ni akiba. Yakifungiwa vizuri hayapotezi ukali wala hayahitaji kufunikwa kwa sufi, kwa sababu kinachohifadhiwa ni kiu, si joto wala ubaridi. Fanya hesabu ya ukumbi ule ule: kilo moja ya maji ya kloridi ya lithiamu yakizimuka kutoka asilimia 40 hadi 35 hufyonza gramu 140 hivi za maji. Ndoo tisa kwa saa, kwa saa nne, zinahitaji zaidi kidogo ya tani tano za maji hayo, ambayo kwa uzito wake hayazidi tangi moja jeusi la plastiki la lita 5,000, la aina ileile iliyojaa juu ya mapaa yetu. Hospitali, hoteli na viwanja vya ndege havifungwi saa kumi na moja jioni. Mahitaji ya umeme yanapopanda usiku wa mapema, nyumba zikiwasha taa na majiko, jengo lenye tangi hilo linaendelea kukausha hewa yake kwa umeme wa feni na pampu tu.

Sasa pingamizi, na nianze na lile zito. Mtu aliyefuatilia bei za paneli za jua ataniuliza kwa nini nihangaike na chumvi wakati naweza kufunga paneli za umeme na viyoyozi vya kawaida. Swali hili lina haki ya kujibiwa kwa namba. Paneli hugeuza karibu moja ya tano ya nguvu ya jua kuwa umeme, na kiyoyozi kizuri hutoa uniti nne za ubaridi kwa uniti moja ya umeme. Jua la uniti 100 linaleta ubaridi wa uniti 80. Mitambo ya kupasha maji kwa jua hukusanya kama nusu ya nguvu hiyo, na kurejesha ukali wa chumvi hutumia joto jingi kuliko unyevu unaotolewa, hivyo uniti 100 hizo hazitoi zaidi ya 35. Katika ushindani wa paa kwa paa, chumvi ya kupashwa na jua imeshindwa, na jengo la ghorofa ishirini halina paa la kutosha kwa vyovyote. Wazo la kurejesha kikaushi kimiminika kwa joto la jua, alilolipendekeza George Löf huko Marekani mwaka 1955, lilikuwa sahihi kwa zama ambazo paneli za umeme zilikuwa ghali mno. Leo tusisimame hapo. Joto la kurejeshea chumvi litafutwe pale linapotupwa bure: maji ya kupozea jenereta hutoka na nyuzi 80 au zaidi, na kiwanda chenye boila hutupa zaidi ya hapo. Pasipo na joto la kutupwa, itumike pampu ya joto, ambayo upande mmoja hupoza chumvi inayokausha na upande wa pili hupasha chumvi inayorejeshwa, tena kwa umeme wa paneli hizohizo mchana, na tangi likahudumu usiku mahali pa betri. Anayetetea paneli na anayetetea chumvi hawapingani.

Pingamizi la pili ni la mafundi: chumvi hizi hula chuma. Ni kweli, na mitambo ya zamani iliyonyunyiza maji ya chumvi kwa nguvu iliacha matone yakasafiri na hewa hadi yakaozesha mabomba ya bati. Viwanda vya Marekani vimeishi na tatizo hilo tangu miaka ya 1930 kwa sababu ukavu ulikuwa na thamani kuliko usumbufu. Kizazi cha sasa hutumia sahani za plastiki, mtiririko mdogo usiorusha matone, au utando unaopitisha mvuke na kuzuia maji. Gharama ya lithiamu, inayogombaniwa na watengeneza betri, inabaki kuwa kikwazo cha kweli. Kloridi ya kalisi ni rahisi zaidi lakini kiu yake ni ndogo, na katika hewa yetu inafika ukingoni mwa kinachohitajika. Hapo mhandisi atalazimika kuchagua kwa hesabu.

Wapo watakaosema tumepata umeme, kwamba bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye megawati 2,115, limemaliza mjadala. Megawati za Rufiji ni za taifa kuzitumia kusaga, kuchomelea na kusukuma maji, na kila moja inayotumika kumvalisha karani sweta imeondolewa huko. Wapo pia watakaotukumbusha kuta nene za Mji Mkongwe, roshani na dari ndefu, na kwa makazi wana haki kabisa. Nyumba nyingi zinazojengwa kwa vioo leo zisingehitaji kiyoyozi kama zingepangwa kuupokea upepo. Chumba cha upasuaji hakiwezi kufungua madirisha. Wala ghala la dawa, wala hifadhi ya nyaraka, ambako fangasi hawasubiri joto, wanasubiri unyevu.

Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kwamba viyoyozi duniani vitaongezeka kutoka bilioni 1.6 hadi bilioni 5.6 ifikapo 2050, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo itatoka kwenye nchi za joto kama zetu. Makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yamekwishatufunga kupunguza gesi za viyoyozi, na gesi ya R-410A inapasha dunia mara 2,088 ya hewa ukaa kwa uzito uleule. Maji ya chumvi hayana gesi hiyo, na chila iliyotuliwa mzigo huhitaji kidogo. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa zabuni za hospitali na vyuo vya mwambao ni dogo: hati itenganishe mtambo wa hewa safi na mtambo wa joto la ndani, na kwa ule wa kwanza mzabuni aeleze ni kilo ngapi za maji atatoa hewani kwa kila uniti ya umeme. Kipimo hicho hakimpendelei muuza chumvi wala muuza koili. Kifungiwe mita yake tangu siku ya kukabidhi jengo, na takwimu zake zichapishwe kila mwezi, ukiwemo Machi.