Mmea Utambaao Nyumbani: Matunzo na Tahadhari

Juma hili tunauzungumzia mmea utambaao uliokwisha kuingia katika sebule nyingi: ule wenye majani ya umbo la moyo, ya kijani yenye michirizi ya manjano. Wauza maua huuita pothosi, na wengine huuita mmea wa fedha. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika bahari ya Pasifiki, ambako huparamia miti mikubwa msituni. Kwa hiyo hupenda joto na mwanga, lakini si jua kali.

Familia za Galula, katika bonde la Ziwa Rukwa, zimejaaliwa joto linaloufaa mmea huu kuliko baridi ya nyanda za juu za Mbozi. Hata hivyo, jua la mchana huko bondeni, hasa kabla ya mvua kuanza, huunguza majani yake. Uwekwe karibu na dirisha lielekealo mashariki, upate jua la asubuhi pekee.

Kuuotesha si kazi ngumu. Kata kipande cha shina chenye kifundo, kwani mizizi huchipukia hapo. Jani tupu halitoi mche. Kitie katika chupa ya maji kwa wiki mbili au tatu, na maji yabadilishwe kila baada ya siku tatu ili mbu wasizaliane. Mizizi ikishatoka, panda katika kopo lililotobolewa chini, kwa udongo uliochanganywa na mchanga wa mto na samadi iliyooza. Simamisha kijiti ili upate pa kupanda.

Wengi huuua mmea huu kwa wema uliopita kiasi. Huumwagilia kila siku, mizizi huoza, majani hugeuka manjano, nao hudhani una kiu, wakaongeza maji. Tia kidole katika udongo. Ukiwa bado na unyevu, acha. Maji yaliyooshea mchele yanatosha, wala hapana haja ya kutumia maji safi yaliyochotwa kwa taabu. Uwastani ni mwema hata kwa mche.

Sasa tunawageukia wazazi. Utomvu na majani yake yana chembechembe kali mfano wa sindano. Mtoto akitafuna, kinywa humwasha na kuvimba, mate humtoka, na kumeza humwia vigumu. Mtoeni mabaki mdomoni, msukutueni, mpeni maji kidogo, wala msimtapishe. Akianza kupumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Lililo bora ni kuuning'iniza juu, mbali na mikono ya watoto wanaotambaa, na kuokota majani yaliyoanguka. Paka pia hudhurika.

Ama jina la mmea wa fedha, lisitupotoshe. Wapo wanaoamini kuwa nyumba yenye mmea huu huvuta utajiri, na ukinyauka mali huondoka. Riziki iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, si katika jani. Tuupande kwa uzuri wake, tumkatie na jirani kipande, na tuwafundishe watoto wetu kutunza kiumbe kisichoweza kusema.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu na usalama. Amin.