Koti la marehemu baba juu ya kilti

Wengi mmetuuliza sokoni na kwenye mikutano: ni kweli kikundi chetu cha ushonaji kilikata koti la marehemu? Ndiyo, ni kweli. Leo tunawaambia lilikatwa vipi na kwa nini, maana ndani ya kazi hiyo kuna mambo yatakayowafaa hata ninyi ambao hamtashika kilti maisha yenu yote.

Mwenzetu mmoja wa hapa Uvira, mjane, ana mtoto wa kiume aliyekulia Glasgow, kule Scotland, kwa shangazi yake. Mwaka huu alirudi kuoa binti wa hapa kwetu. Ndani ya valizi yake alileta kilti, vazi la sufu la miraba ambalo wanaume wa kule huvaa kwa harusi na sikukuu. Vijana wengi wa kule hulivaa hata siku ya karamu ya kumaliza shule, naye alifanya hivyo. Lakini koti hakuleta. Alimwambia mama yake: "Mama, koti nataka la baba."

Koti hilo marehemu alilinunua mwaka 1991 kwa ajili ya harusi yake. Walio na umri wetu wanakumbuka: wakati wa Mobutu, kostimu na kravati vilikatazwa, wanaume wakavaa abakosti. Mwaka 1990 kravati ikaruhusiwa tena. Kwa hiyo hiyo ilikuwa kostimu yake ya kwanza na ya mwisho. Tangu alipofariki, koti lilitundikwa kabatini ndani ya plastiki. Makasi yakikosea, hakuna la pili.

Kulikuwa pia na neno la ukoo. Baba mkubwa wa kijana aliposikia, alisema: "Mtoto wa ndugu yangu hataingia kanisani na jipe." Hatukubishana na mzee. Mama alimwambia mwanawe aende mwenyewe kumsalimu, kilti mkononi. Kijana akamweleza kwamba kule vazi hilo ni la wanaume, na kwamba mwaka 1746 serikali ya Uingereza iliwakataza wanaume na watoto wa kiume kulivaa, isipokuwa askari wa jeshi la mfalme, ili kuvunja nguvu za koo zilizoasi. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1782. Mzee alinyamaza, kisha akasema: "Kumbe na wao waliambiwa wasivae ya kwao." Akakubali, lakini kwa sharti moja: koti libaki la heshima, lisifanane na nguo iliyopungua kitambaa.

Sharti hilo ndilo lililotuletea kazi.

Kwanza mjue kwa nini koti la kawaida halikai juu ya kilti. Kilti ya kwelikweli huchukua yadi nane za kitambaa, yaani zaidi ya meta saba, na karibu zote zimekunjwa marinda nyuma. Hufungwa juu, usawa wa kitovu, si kwenye nyonga kama suruali. Haina mifuko, kwa hiyo mbele huning'inizwa mkoba wa ngozi unaoitwa sporani. Koti la kostimu hufunika makalio. Ukilivaa juu ya kilti, linafunika marinda na mkoba, na mtu mrefu anaonekana hana miguu. Ndiyo maana makoti ya kilti hukatwa mafupi, na ncha zake za mbele hupinda kwenda pembeni ili sporani ionekane.

Siku ya kwanza tulikosea. Tulimpima kijana akiwa na kilti chini, kwenye nyonga, kama alivyozoea kuvaa suruali. Tukaweka alama ya chaki. Alipoipandisha mahali pake, alama yetu ilikuwa chini mno na nusu ya mkoba ikafichwa. Hatukuwa tumekata, ashukuriwe Mungu. Tangu hapo tulipima akiwa amevaa vyote: shati, kilti kitovuni, mkanda, sporani, viatu. Tunawaomba mshike hilo kwa kila nguo. Pima mtu akiwa amevaa vile atakavyovaa siku yenyewe.

Jambo la pili ni mifuko. Mfuko wa koti ni tundu lililokatwa kwenye kitambaa. Huwezi kuuhamisha bila kuacha kovu. Kabla ya lolote, pima kutoka kifuniko cha mfuko hadi pale pindo jipya litakapokuwa. Zikibaki sentimeta nne au zaidi, endelea. Zikiwa chini ya hapo, liache koti hilo, utaliharibu. Sisi tulipunguza sentimeta 12, na chini ya kifuniko zikabaki tano. Kumbuka pia kwamba kifuko chenyewe, kile cha ndani, kinashuka chini kuliko unavyodhani. Dada mmoja alikuwa ameshaingiza makasi tulipomshika mkono. Tulifungua pindo kwanza, tukakata kifuko na kukishona upya kikiwa kifupi, ndipo tukakata koti.

Tuliacha sentimeta nne za kukunja ndani. Mbele tulianza kupinda kutoka chini ya kifungo, tukachora kwanza kwenye karatasi ya gazeti, tukaikunja katikati ili upande wa kushoto na wa kulia ulingane. Kisha tulipiga bandi kwa uzi mweupe, mshono mrefu unaofumuka kirahisi, na kijana akalivaa mbele ya mama yake. Mama aliangalia, akatoka nje. Tulingoja. Aliporudi alisema: "Kateni." Hapo ndipo tulipokata.

Mpasuo wa nyuma ulibaki mfupi, vidole vitatu tu. Tuliufunga, maana kijana ni mwembamba kuliko baba yake na koti lilikuwa na nafasi kwenye nyonga. Kama koti linabana, usifunge. Marinda ya kilti huinua nyuma, na koti litakuwa na mkunjo kama mkia wa bata.

Sasa joto. Ninyi mnalijua joto la Uvira saa saba mchana, hata ziwa likiwa pale mbele. Kijana alijaribu kutembea na koti hadi barabarani na kurudi, akawa kama ametoka majini. Kilti ni ya sufu nzito, huwezi kuipunguza. Kilichoweza kupunguzwa ni koti tu.

Ndani ya koti kulikuwa na bitana ya nailoni iliyozunguka mwili mzima. Nailoni haipitishi hewa wala hainyonyi jasho. Tulifumua kwa wembe bitana yote ya mgongoni kuanzia chini ya mabega. Sehemu tatu tuliziacha. Ya kwanza ni mikono, kwa sababu mkono usio na bitana hushika shati na hauingii vizuri. Ya pili ni kipande cha juu mabegani na makwapani, kinachokinga sufu isiliwe na jasho. Ya tatu ni upande wa mbele, unaoficha vifuko vya mifuko. Na kile kitambaa kigumu cha kifuani, kilichoshonwa kati ya sufu na bitana, msikiguse. Ndicho kinachosimamisha koti. Ukikitoa, kifua kinaanguka kama gunia tupu.

Mabegani kulikuwa na sponji nene, mtindo wa miaka ile. Tulitoa, tukaweka pamba nyembamba ya tabaka mbili. Hapo tu koti likawa jepesi na la vijana.

Bitana ikitoka, mishono ya ndani inabaki wazi na inafumuka nyuzi. Inabidi uifunge kwa utepe wa pamba. Tulimwuliza mama kama ana kitambaa chepesi. Alileta kikwembe alichovaa siku yake ya harusi mwaka ule ule 1991, kimechakaa katikati lakini kizima pembeni. Tulikata tepe za sentimeta tatu kwa mshazari, si kwa kufuata nyuzi, kwa sababu tepe ya mshazari inanyumbuka na kufuata mshono uliopinda. Ukifungua koti hilo leo utaona sufu ya kijivu, na kila mshono wa mgongo umefungwa kwa kikwembe cha mama.

Mwisho ni pasi. Sufu haipigwi pasi kavu, inang'aa vibaya. Weka kitambaa cha pamba chenye unyevu juu yake, bonyeza, inua, usiburute. Sisi wenye pasi ya makaa tuijaribu kwanza kwenye kipande kilichokatwa, na tupulize majivu tukiwa mbali na nguo.

Siku ya harusi hatukumvalisha kizibao, na shati lilikuwa la pamba nyembamba. Koti alilivaa wazi bila kufunga kifungo, kama wengi wanavyolivaa kule. Kanisani alikaa nalo mwanzo hadi mwisho. Kwenye karamu alilivua jioni tu, si kwa joto bali kwa kucheza. Baba mkubwa alipomsalimu mlangoni alishika kola, akaipapasa kwa kidole, akasema: "Hii kola naijua." Hakusema zaidi, na sisi hatukuhitaji zaidi.

Vipande vilivyokatwa tulimrudishia mama vyote, hata vidogo. Mfanye hivyo kila mnapopunguza nguo: siku koti likitoboka kiwiko, kiraka cha sufu ile ile, iliyozeeka pamoja nalo, hakitanunuliwa dukani. Yeye kimoja amekiweka pamoja na picha ya marehemu.

Wamama, makabati yetu yana makoti mengi ya watu waliotutangulia. Tunayaogopa, na nondo wanayala. Hatusemi myakate yote. Tunasema myatoe, myaangalie juani, na mwulize watoto kama kuna anayelitaka la baba. Akiwepo, mleteni pamoja na koti siku ya ushonaji. Mwambieni aje amevaa kile atakachovaa nalo. Na makasi tutayaweka mbali hadi mama aseme neno.