Tiba ya muziki haina dozi moja

Gabrielle Giffords, mbunge wa Arizona nchini Marekani, alipopigwa risasi kichwani Januari 2011, upande wa kushoto wa ubongo, ambao ndio hasa hutawala usemi, uliumia. Tiba ya muziki ilimwezesha kuimba maneno aliyoshindwa kuyatamka. Nia huwa ni kuupunguza wimbo hatua kwa hatua hadi yabaki maneno, ingawa kwake usemi ungali mgumu.

Mgonjwa wa Parkinson ana shida tofauti: miguu hukwama. Huyo hupewa mdundo thabiti, uliopimwa kulingana na mwendo wake mwenyewe.

Kuwasha redio wodini ni burudani (wala si mbaya), lakini si tiba. Anayetozwa ada ya tiba hiyo ana haki ya kuuliza mgonjwa wake alipimwa nini kabla ya muziki kuchaguliwa.