KINYWE CHA RUANGWA NA MAGARI YA KESHO

Wakuu wa viwanda huko ng'ambo wanabishana juu ya gari la kesho: liendeshwe kwa betri au kwa haidrojeni? Ubishi huo wahusu Ruangwa na Nachingwea kuliko wengi wetu tunavyodhani. Betri nyingi za magari hayo haziundwi bila kinywe, na gari moja hula makumi ya kilo. Kinywe hicho kimo katika udongo wa Ruangwa, huko Chilalo na Matambarale. Nikeli nayo imo katika kilima cha Ntaka, Nachingwea, ingawa siku hizi ziko betri zisizoitaka.

Gari la haidrojeni hujazwa kwa dakika chache, na bombani mwake hutoka mvuke wa maji tu. Lakini sehemu kubwa ya haidrojeni ya dunia hutolewa katika gesi asilia na makaa ya mawe, na kazi hiyo hutoa hewa chafu ile ile tunayoikimbia. Ikitolewa katika maji kwa umeme, zaidi ya nusu ya umeme huo hupotea kabla ya gurudumu kuzunguka. Kwa magari madogo, bajaji na pikipiki, twaona betri imekwisha shinda. Kwa malori mazito ya safari ndefu shauri halijakatwa.

Ushindi huo si wetu bado. Kinywe kikipakiwa melini kikiwa ghafi, faida kubwa huwaendea wasafishaji, na wengi wao wako Uchina. Sheria ya madini, ilivyorekebishwa mwaka 2017, huipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi ya kati na mikubwa. Ni jambo jema, lakini hisa si kiwanda.

Wazee wa Nachingwea wanayo haki ya kutia shaka. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta ya kulimia karanga, kisha wakajenga reli toka pwani. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na mwaka 1962 reli ikafungwa. Katika siku zetu, kufutwa kwa leseni ya Ntaka kulizaa kesi iliyomalizika mwaka 2024 kwa taifa kukubali kulipa dola milioni 90. Fedha hizo zingalisomesha mafundi wangapi?

Twataka, basi, kila mkataba wa kinywe utaje kiwanda cha kusafishia na mwaka wa kukifungua, na mwenye shamba la korosho alipwe fidia yake kabla mkorosho wa kwanza haujang'olewa.